Wafadhili Wetu Wasiwe Waja Leo, Warudi Leo

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Tanga mbele ya walimu wa madarasa ya chini, walimu wakuu, wazazi na wageni kutoka mifuko inayofadhili elimu. Wengi mliokosa kufika mmeniomba niiandike, nami nimeiweka nzima. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Afisa Elimu, walimu wakuu, walimu wenzangu, wazazi, na wageni wetu mliosafiri kuja Tanga. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimepewa mada ndefu: ushirikiano na wafadhili katika kuinua kusoma, kuandika na kuhesabu, pamoja na mafunzo ya walimu. Nitaisema kwa lugha ya darasa la kwanza, maana huko ndiko nilikokaa miaka 34. Watoto niliowafundisha a, e, i, o, u leo ni manesi, ni mabaharia, na wawili nawaona humu ukumbini wamekaa wima kama zamani.

Nianze na mtoto mmoja.

Ilikuwa mwaka 2016. Mnakumbuka mwaka ule? Elimu bila ada imeanza Januari, wazazi waliokuwa wanajikunakuna kwa sababu ya michango wakawaleta watoto wote, na mimi nikapokea watoto 143 katika chumba kimoja. Nilifurahi, wallahi. Watoto waliokuwa wakiokota makopo ufukweni sasa walikuwa darasani. Lakini 143, ndugu zangu, na mwalimu mmoja.

Miongoni mwao alikuwemo binti wa mvuvi wa Sahare. Hodari kweli. Nikiandika ubaoni "Baba analima, mama anapika", nikigonga fimbo, sauti yake ndiyo inayotangulia, darasa zima linamfuata. Siku moja mwezi wa tano nikamwita mezani. Nikafungua kitabu kwenye ukurasa uleule, akausoma wote bila kukosea. Kisha nikaifunika ile picha kwa kiganja, nikaweka kidole chini ya neno "mama" peke yake, nikamuuliza: hapa pameandikwaje, mwanangu?

Akanyamaza. Na macho yake hayakwenda kwenye neno. Yalikuja usoni kwangu. Jibu alikuwa analitafuta usoni kwangu.

Nikamwita mwingine, na mwingine, mpaka wakafika kumi. Saba walikuwa kama yeye. Kitabu walikuwa wamekihifadhi kama wimbo.

Nani alikosea pale? Mtoto? Mtoto alifanya yote niliyomwambia. Nilimwambia imba, akaimba.

Kiswahili chetu Mungu amekijalia: kinavyoandikwa ndivyo kinavyosomwa. Kumfundisha mtoto kukisoma ni kazi nyepesi kuliko ya mwenzetu anayefundisha Kiingereza. Lakini mtoto uliyemzoesha kuziita herufi kwa majina, "ke", "i", "te", "i", akiziunganisha anapata "keitei". Kiti hakioni. Anayefundishwa sauti, akaanza kuibana k kooni kisha akaiachia kwenye i, huyo anapata "ki", na akishaipata "ki" ameshapata nusu ya kiti, nusu ya kisu, nusu ya kijiko. Hapo bado hajafika kwenye "nywa" na "mbwa" na "ng'o", ambako hata wanaokwenda vizuri hukwama. Na mtoto wa Mkinga aliyelelewa kwa Kidigo, au wa milimani Lushoto aliyelelewa kwa Kisambaa, huyo anajifunza kusoma na anajifunza lugha yenyewe kwa wakati mmoja.

Haya yote sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa falsafa ya elimu, nikafundishwa saikolojia, nikafundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Hakuna aliyekaa nami hata saa moja akanionyesha namna mtoto anavyovushwa kutoka kwenye herufi hadi kwenye neno. Nikaingia darasani na fimbo na chaki, nikafundisha kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe. Na msidhani nilikuwa peke yangu. Kuanzia mwaka 2010 tathmini za Uwezo, zilizowapima watoto kusoma na kuhesabu, zilipita nyumba kwa nyumba, na zilituonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Wale ni watoto wetu sisi, walimu tulioimbisha.

Sasa nije kwa wageni wetu.

Wageni wetu, mkoa huu mliofikia una historia kubwa kuhusu jambo hili, na pengine mnaijua kuliko hata baadhi yetu. Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019, vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga vilikuwa uwanja wa mashindano ya dunia. Yaliitwa Global Learning XPRIZE, zawadi yake dola milioni 15, na aliyetoa fungu kubwa ni tajiri Elon Musk. Swali lilikuwa hili: je, mtoto anaweza kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe, kwa kishikwambi tu, bila mwalimu? Google wakatoa vishikwambi. UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakashirikiana na serikali yetu. Vijijini vikawekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Watoto karibu 3,000 wakapewa vifaa vyenye programu za Kiswahili, na baada ya miezi 15 wakapimwa. Mei 2019 washindi wakatangazwa, wawili kwa pamoja: Kitkit School na onebillion.

Na matokeo? Kabla ya kuanza, watoto zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ikapungua kwa nusu.

Naomba tuitazame hiyo nusu kwa heshima. Wengi wa watoto wale hawakuwa wamewahi kukanyaga shule. Wengi zaidi hawakuwa wamewahi kusomewa hadithi nyumbani. Mtoto wa namna hiyo kusoma neno lake la kwanza ni jambo kubwa, na waliotengeneza zile programu nawapa mkono. Lakini ile nusu ya pili je? Miezi 15, kifaa bora kabisa, fedha ambazo wilaya haizioni, na bado nusu ya waliokuwa hawajui neno hata moja walibaki hawajui.

Na kuna jambo jingine. Katika kila kijiji kulikuwa na mama aliyepewa jukumu la kuvitunza vile vishikwambi na kuvichaji. Hata walioanza kwa nia ya kujaribu bila mwalimu walihitaji mtu mzima wa kijijini, mwenye funguo, anayewajua watoto kwa majina. Huyo ndiye ninayemfikiria kila mashindano yale yanapotajwa. Yule mama angefundishwa sauti za herufi, mwaka mmoja tu, ingekuwaje?

Ndugu zangu, najua fedha inaumiza kichwa. Mwalimu mkuu aliye hapa anawaza paa, anawaza matundu ya vyoo, anawaza madawati. Siwakatazi. Lakini nataka niwape mfano wa fedha iliyopimwa hapahapa Tanzania.

Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza pamoja na watafiti walifanya jaribio lililoitwa KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Shule za kundi moja zilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Nyingine hazikupewa hiyo fedha, ila walimu wa madarasa ya chini waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio. Nyingine zikapewa vyote viwili. Nyingine hazikupewa kitu, ziwe za kulinganishia. Baada ya miaka miwili wakapima. Zile zilizopewa fedha peke yake, watoto wake hawakuwa wamejifunza zaidi ya wale wasiopewa kitu. Vitabu vilinunuliwa, vifaa vilinunuliwa, matokeo yakabaki palepale. Zilizopewa ahadi ya bonasi peke yake, matokeo yalitetereka: kipimo kimoja kinaonyesha watoto wamepanda, kingine hakionyeshi. Zilizopewa vyote viwili ndizo zilizopanda, tena zikapanda kuliko ukijumlisha hayo mawili.

Mimi si shabiki wa kumlipa mwalimu kwa idadi ya watoto waliofaulu. Naogopa yule mtoto mzito ataachwa. Lakini kile jaribio lilichokionyesha nakiamini kwa sababu nimekiishi: kitabu kikifika darasani na mwalimu hajabadilika, kitabu kinakuwa mzigo wa kabati. Nimeviona vitabu vizuri vya hadithi, vina rangi, vimefungiwa kabatini mwaka mzima kwa sababu mwalimu anaogopa vitachanika. Anaogopa, na hana wa kumwambia: acha vichanike, mwalimu, kitabu kilichochanika ni kitabu kilichosomwa.

(Makofi.)

Basi huyo mwalimu anabadilika vipi?

Mwaka mmoja tuliitwa semina. Siku tatu, hoteli nzuri, chai na sambusa, posho mkononi. Waandaaji siwataji. Walikuwa na nia njema. Tulikaa tukasikiliza kuhusu mbinu shirikishi, tukagawanywa makundi, tukaandika kwenye makaratasi makubwa, tukapigwa picha. Nilirudi nyumbani na mkoba, kalamu mbili na cheti. Jumatatu nikaingia darasani, nikashika fimbo, nikaandika ubaoni "Baba analima". Kuna mwalimu humu ambaye hili halijamtokea?

Halafu alikuja mkufunzi mmoja. Mama wa makamo, mtu wa chuo cha ualimu, hana makuu. Hakuniita popote. Alikuja yeye darasani kwangu, akakaa nyuma kabisa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani, daftari mkononi. Somo likaisha. Nikamfuata nikitegemea sifa, maana siku ile darasa liliimba vizuri. Akaniambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, nimehesabu. Tangu umeingia, watoto waliotamka kitu peke yao ni wanne."

Nilikasirika. Nilikwenda nyumbani sikula. Wanne, kati ya 143!

Wiki mbili baadaye akarudi. Safari hii aliniomba yeye afundishe, mimi nikae nyuma. Akawapanga watoto makundi kwenye mikeka, kila kundi likapewa kopo la vizibo vya soda, na ndani ya kila kizibo ameandika silabi kwa kalamu ya wino mzito. Akaanza na sa, ma, ki, ta, na li. Kila mtoto mkono wake unafanya kazi, kila mtoto mdomo wake unafanya kazi. Nikaona kwa macho yangu kitu ambacho semina ya siku tatu haikunionyesha. Akarudi tena. Na tena. Kwa mwaka ule alikuja mara tisa, na kila akija ananiachia jambo moja tu la kufanyia kazi.

Yule binti wa Sahare, mwezi wa saba, alikuwa kwenye mkeka na vizibo vitatu. Akaviweka, akavitazama. Safari hii hakunitazama mimi. Sa. Ma. Ki. Akarudia polepole. Kisha akaruka juu: "Samaki! Mwalimu, samaki! Baba anavua samaki!"

Samahanini. Kila nikiisimulia hii koo linanikaba.

Wageni wetu, safari zile tisa ziligharimu nini? Nauli ya mkufunzi na chakula chake cha mchana. Lakini katika mipango mingi ya ufadhili hilo ndilo fungu linalokatwa kwanza, kwa sababu halipigiki picha. Jengo lina jiwe la msingi, lina utepe wa kukata. Mkufunzi aliyekaa nyuma ya darasa utamkatia utepe gani?

Jirani zetu hapo ng'ambo ya Horohoro walilishika hili mapema. Mpango wao wa Tusome, ulioenea Kenya nzima kuanzia 2015, ulimpa kila mtoto kitabu chake na kila mwalimu mwongozo wake, halafu maafisa wa elimu wakapewa vishikwambi vya kwenda navyo darasani kumtazama mwalimu na kumshauri. Na nauli ya afisa ilirejeshwa kulingana na safari alizofanya kweli. Kwetu, chini ya LANES, mradi wa kuinua kusoma, kuandika na kuhesabu, Maafisa Elimu Kata walipewa pikipiki. Hatua nzuri sana. Lakini nimemwona afisa mmoja, kijana mwenye bidii, pikipiki yake imeegeshwa chini ya mwembe tangu robo ya kwanza ya mwaka hadi ya tatu, kwa sababu mafuta hayakuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta.

Mji wetu huu una jina lake la utani: waja leo, warudi leo. Sisi wenyeji tunalitania wenyewe. Lakini kwa miradi ya elimu si utani. Inakuja, inarudi. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la USAID, shughuli zilizolitegemea, za afya na za elimu, zilikatika katikati. Siwalaumu walioajiriwa kule. Wengine ni watoto wetu, na walirudi nyumbani siku hiyohiyo. Swali langu ni kwetu tuliobaki: siku mfadhili anapoondoka, darasani kunabaki nini?

Watu wa Pwani tunajua jibu la zamani. Tunalo neno letu, wakfu. Mzee alikuwa hachangii msikiti mara moja akamaliza. Aliutoa mnazi. Mnazi ule unaangua mwaka hadi mwaka, nazi zinauzwa, taa inawaka, na mzee mwenyewe ameshalala kaburini.

Kuna mpango mmoja uliofuata njia hiyo, na ulizaliwa katika mwambao wetu huuhuu. Miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa walitaka watoto wao wapate Kurani na pia waingie darasa la kwanza wakiwa tayari. Wakfu wa Aga Khan ukaitikia. Kazi akakabidhiwa Bi Swafiya Said, mwalimu, mtu wa palepale. Akachukua kina mama wa mitaani, wengine hawakuwa na cheti cha ualimu, akawafundisha, kisha akawafuata kwenye madrasa zao. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, makombe ya pwani, vijiti, vitambaa. Mwaka 1990 ukafika Unguja, baadaye Uganda, na skuli za awali zaidi ya 200 zikaanzishwa. Jamii ilikuwa inaweka mkataba, ina kamati yake, inachangia. Wakufunzi walirudi na kurudi kwa miaka, na skuli ikishakomaa ilifanyiwa mahafali, skuli yenyewe, ikawekewa mfuko mdogo ambao jamii imetia chake na mfadhili ametia chake. Faida yake inasaidia kuiendesha.

Wageni wetu, tupeni mnazi. Hilo ndilo ombi langu, na sitaki kulizungusha.

Msitujengee kituo kingine chenye jina lenu. Walimu wanavyo vituo, na tunao mpango wa serikali wa MEWAKA unaotaka mwalimu ajifunze kazini, shuleni kwake, pamoja na wenzake. Mradi wa Shule Bora, wa msaada wa Uingereza, umetukuta Tanga na wenzetu wa Pwani katika mikoa yake tisa, na tunaushukuru. Ingieni humohumo. Lipeni safari za mkufunzi kwa miaka mitatu, shule kwa shule, na tangu siku ya kwanza tuandikiane ni nani atazilipa mwaka wa nne. Nunueni vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilivyochapwa hapa nchini, kila mtoto awe na cha kushika, na muwaambie walimu mbele yetu kwamba vikichanika hakuna atakayeandikiwa barua.

Walimu wakuu, nanyi nina neno lenu. Darasa la kwanza si pa kumficha mwalimu aliyegombana na wenzake, wala pa kumpumzisha anayesubiri kustaafu. Mpangeni pale aliye bora. Mkimpanga, msimhamishe kila Januari.

Na wazazi. Mama mwenzangu, najua utasema nyumbani hakuna kitabu. Kanga unayo? Kila mwanamke wa Tanga ana kanga, na kila kanga ina jina lake. Jioni itandaze, mtoto aweke kidole kwenye silabi ya kwanza, aende nayo hadi mwisho. Majina ya kanga huchapwa kwa herufi kubwa tupu, kwa hiyo yule mwenye daftari amwandikie palepale kwa herufi ndogo, aone ni neno lilelile. Kama wewe mwenyewe hujui kusoma, mwambie akusomee. Hukosi kitu, na maneno mengine ya kanga mtacheka pamoja.

Nimeongea sana, na muda niliopewa umebaki dakika kumi. Nimeomba nisizitumie mimi. Pale kwenye mkeka, upande wa dirishani, wamekaa watoto wanane wa darasa la kwanza walioamka mapema siku ya Jumamosi kwa ajili yetu, na mwalimu wao, binti mwenye mwaka wa pili tu kazini. Yule mkufunzi wangu wa vizibo ndiye aliyemfundisha, kabla hajastaafu. Kopo analo. Wageni wetu, nawaomba msogeze viti, mkae chini karibu na watoto, msikilize kila mmoja akisoma peke yake.

Mwalimu, karibu mbele. Anza.